Kupaka rangi aktini kwenye seli za epithelia

Seli za epithelia ndizo zinazotanda juu ya viungo, nje na ndani. Aktini ni protini ya ndani ya seli; punje zake zikiungana huwa nyuzi tu, unene nanomita 7. Zichukulie kama fito: bila kamba hakuna nyumba. Kamba ni protini zinazoshika aktini. Vilini husaidia kufunga nyuzi 20 hadi 30 sambamba, zikawa vijidole juu ya seli ya utumbo. Ezrini huzishikiza kwenye utando. Kofilini ndiyo panga, hukata zilizokaa muda mrefu.

Hatua ya 1. Otesha seli juu ya kioo chembamba. Mimi hutumia MDCK, za figo ya mbwa. Subiri zigusane pande zote. Ukiwa na Caco-2, za saratani ya utumbo mpana wa binadamu, zipe kama wiki tatu, vijidole vyake haviharakishwi.

Hatua ya 2. Suuza kwa bafa ya fosfeti yenye uvuguvugu, kisha gandisha umbo kwa paraformaldehaidi ya asilimia 4, dakika 15. Methanoli hapana! Niliwahi kuitumia kwa haraka zangu, nikakaa nusu saa natazama giza nikilaumu taa ya hadubini. Kumbe methanoli huvuruga umbo la uzi, faloidini, kibeba rangi cha hatua ya 4, ikakosa pa kushika.

Hatua ya 3. Toboa utando kwa Triton (sabuni ya maabara) ya asilimia 0.1, dakika tano. Suuza.

Hatua ya 4. Weka faloidini yenye rangi, dakika 30, gizani. Hii ni sumu ya uyoga Amanita phalloides, kwa hiyo glovu ni lazima. Hushika aktini iliyokwisha kuwa uzi, punje zinazoelea bila kuungana inaziacha. Kwa joto la Dar, hasa umeme ukikatika na kiyoyozi kikazima, tone hukauka upesi. Mimi hufunika vioo ndani ya kopo la aiskrimu lenye tishu iliyolowa.

Hatua ya 5. Kwenye hadubini usitazame tabaka moja. Juu kabisa utaona vidoti vingi: ni ncha za vile vijidole. Shuka kidogo, kila seli ina mkanda pembeni, zikipangana kama sega la nyuki. Hapo ndipo majirani wameshikana. Chini kabisa kuna mafungu manene yaliyonyooka, aktini iliyofungwa na alfa-aktinini na kuvutwa na miosini.

Andaa pia sahani ya pili ya kulinganisha, uipe sitokalasini D nusu saa kabla ya hatua ya 2. Dawa hiyo huziba ncha za nyuzi zisirefuke. Kwenye sahani hiyo mkanda utaukuta umekatika vipande, aktini imejikusanya mabonge mabonge.