Somo: Safari ya siku tatu kwa mtumbwi kutoka Matema, pamoja na kulala ufukoni

Wengi wanaoniuliza kuhusu safari hii huanza na umbali: ni kilomita ngapi kutoka Matema hadi kijiji cha Ikombe, na mtu mzima aweza kupiga kafi kilomita ngapi kwa siku. Kwenye pembe hii ya kaskazini ya Ziwa Nyasa kilomita hazimsaidii sana msafiri. Safari hupimwa kwa saa ambazo maji yametulia, na saa hizo ni chache, kwa hiyo hatua zote zinazofuata, kuanzia kuchagua mwezi hadi kuchagua mahali pa kusimika hema, nimezipanga kwa kufuata upepo.

Hatua ya kwanza: mwezi

Ziwa Nyasa ni refu na jembamba, limelala kutoka kusini kwenda kaskazini kwa zaidi ya kilomita 550, na Matema iko kwenye ncha yake ya juu. Kati ya Mei na Agosti huvuma upepo mkali wa kusini-mashariki, ule unaoitwa mwera, nao huja kwa vipindi vya siku kadhaa mfululizo. Kwa kuwa ziwa limenyooka karibu sawa na njia ya upepo huo, wimbi linalofika Matema laweza kuwa limekua kwa mamia ya kilomita bila kukutana na nchi kavu. Ndiyo maana unaweza kuamka alfajiri, usione hata jani moja la mgomba likitikisika, na bado ukasikia mawimbi yakiubamiza ufuko. Upepo ulioyazaa uko mbali, na huenda haujafika kwako. Mgeni akitazama majani peke yake atadanganyika.

Masika nayo hayafai. Kyela, wilaya ilimo Matema, ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, na ifikapo Aprili mito inayoshuka kutoka Rungwe na Makete huingia ziwani ikiwa imejaa tope na magogo. Kuanzia Desemba kuna ngurumo za mchana zinazozuka ghafla. Kwa maoni yangu imebaki Septemba na Oktoba, ijapokuwa joto la miezi hiyo, kwa mtu aliyezoea baridi ya Mbeya mjini au Makete, ni adhabu ya aina yake.

Hatua ya pili: chombo na mwenyeji

Mtumbwi wa gogo moja wa ziwa hili una mdomo mwembamba na tumbo la mviringo. Mvuvi aliyezaliwa ufukoni huketi juu ya ukingo wake kama mtu aliyeketi kwenye kigoda, lakini mgeni hupinduka kabla hajamaliza kupiga kafi kumi. Usiutumie kwa safari ya mizigo. Tafuta chombo cha mbao chenye kitako kipana, au mtumbwi wa fibaglasi ikiwa kikundi chenu kinao, na vyombo viwe viwili hata kama mko watu wanne tu, kwa sababu chombo kilichojaa maji hakiwezi kujiokoa.

Mwenyeji ni lazima. Mtafute miongoni mwa wavuvi, kupitia ofisi ya kijiji au BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi ufukoni) ya mwalo wa Matema, na mkubaliane malipo kwa siku badala ya kwa safari, pamoja na siku ambazo upepo utawazuia ufukoni. Jambo hili wengi hulipuuza ili kuokoa fedha kidogo. Mwenyeji anayelipwa akifika atakuwa na sababu ya kuingia majini wakati moyo wake unamwambia asubiri, ilhali anayelipwa pia kwa kungoja atakwambia ukweli kuhusu mawingu.

Hatua ya tatu: taarifa

Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji mnakotoka na kwa wenyeji wa kila kijiji mtakapolala, beba kitambulisho, na umwachie mtu mmoja wa nchi kavu orodha ya majina pamoja na saa mnayotarajia kurudi. Soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa Ziwa Nyasa jioni kabla ya kuondoka. Kisha, alfajiri, nenda ufukoni ukawapokee wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwa hili, wanaorudi na taa zao, maana hao wamekuwa juu ya maji usiku kucha na wanajua kilichoko huko nje.

Hatua ya nne: mizigo

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipoadhibiwa. Safari yangu ya kwanza nilifunga viberiti, simu na nguo za kulalia ndani ya salfeti mbili, nikaziweka juu ya magunia mengine ili ziwe karibu na mkono, nikaondoka saa nne asubuhi baada ya chai ndefu. Kufikia saa sita wimbi lilikuwa limeingia mara mbili juu ya ukingo. Hatukupinduka, lakini tulilala usiku ule tukiwa na mablanketi mabichi na sufuria ya maharage yaliyogeuka uji wa maji ya ziwa, na sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Tangu hapo ninafuata utaratibu huu. Vitu vinavyoharibika kwa maji huingia kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, ndani yake vikiwa vimefungwa tena kwenye mifuko ya nailoni. Vizito, yaani maji ya kunywa, mchele na sufuria, hulala sakafuni kabisa katikati ya chombo, na hakuna mzigo unaopanda juu ya ukingo. Kila upande, omo (mbele) na tezi (nyuma), ninafunga dumu tupu la lita 20 lililokazwa kifuniko. Chombo kikijaa maji, kila dumu hubeba karibu kilo 20, na hilo hukifanya kiendelee kuelea kwa kiwango cha watu kuweza kukishika. Kata ya kufulia maji, yaani ya kutolea maji yaliyoingia chomboni, hufungwa kwa kamba fupi karibu na mkaaji wa nyuma. Kata isiyofungwa ndicho kitu cha kwanza kuondoka.

Kila mtu avae jaketi okozi lake, lenye kumkaa, likiwa limefungwa vifungo vyote, na filimbi ikining'inia kifuani. Jaketi lililowekwa chini ya matako kama mto halijapata kumwokoa mtu.

Kuhusu chakula sina mengi: mchele wa Kyela, ndizi za kupika mbalaga, maharage yaliyochemshwa nyumbani, chumvi, na samaki mtakaonunua njiani. Pimeni chakula cha siku nne kwa safari ya siku tatu.

Hatua ya tano: siku ya kwanza majini

Muwe mmeshaingia majini saa kumi na mbili asubuhi, na saa nne iwakute nchi kavu. Katika miezi niliyoitaja, asubuhi huwa na utulivu, kisha jua likipasha moto miteremko upepo huanza kuvuma kutoka ziwani, na alasiri maji huwa yamechafuka. Kutoka Matema mtapita Lyulilo, palipo na soko la vyungu siku ya Jumamosi, kisha mtafuata ukingo kuelekea Ikombe, kijiji cha wafinyanzi wa Kikisi ambao vyungu vyao hufikishwa sokoni kwa mitumbwi. Ikiwezekana, pangeni safari ili mkutane na mitumbwi hiyo. Mtu anayesafirisha vyungu kwa maji amejifunza kupanga mzigo kuliko sisi sote, na kumtazama akipakia ni somo linalopita maneno yangu.

Baada ya Lyulilo, Milima ya Livingstone inasimama karibu wima juu ya maji. Uso wa ziwa uko mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari na vilele vya milima vinapita mita 2,000, na mwinuko huo unaendelea chini ya maji pia, kwa hiyo hatua chache tu kutoka ufukoni huenda usione chini. Kuna sehemu ndefu za mawe matupu ambako chombo hakiwezi kupandishwa. Kabla ya kuuacha kila ufuko wa mchanga, muulizeni mwenyeji ufuko unaofuata uko wapi na mtatumia muda gani kuufikia, na msiingie sehemu ya mawe wakati maji yameanza kuvimba. Kaeni karibu na nchi, lakini mbali kidogo na miamba, kwa sababu wimbi linalogonga jabali hurudi na kukutana na linalokuja, na mahali yanapokutana maji huruka bila mpangilio.

Hatua ya sita: kambi

Vuta chombo juu kuliko unavyodhani panatosha, ukifunge kwenye mti au jiwe zito. Hema lisisimikwe kwenye mdomo wa kijito kilichokauka, hata kama mchanga wake ni laini na unavutia. Mvua ikinyesha mlimani, kijito hicho kinaweza kujaa usiku wakati kwako kuna nyota. Mlango wa hema uangalie pembeni, kwa kuwa usiku hewa baridi hushuka kutoka milimani kwenda ziwani, na kukikucha upepo hugeuka.

Mamba hupenda midomo ya mito na matete. Mdomo wa mto Lufilyo, magharibi ya Matema, unajulikana kwa wanyama hao, na mimi siweki kambi karibu na mdomo wa mto wowote. Msichote maji gizani, msioshe vyombo vyenye mabaki ya samaki mahali mnapoogea, na chandarua kiwe cha lazima. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote. Choo kiwe shimo, mbali na maji na mbali na shamba la mtu.

Hatua ya saba: kurudi

Siku ya pili tunaitumia kuendelea kusini kidogo bila mizigo na kurudi kambini kabla ya saa tano. Ya tatu ni ya kurudi Matema, na hapo wengi hujisahau, kwa sababu sasa upepo uko nyuma na chombo kinakwenda chenyewe. Wimbi linalotoka nyuma hunyanyua tezi, omo huchimba maji, kisha chombo hugeuka na kulaza ubavu mbele ya wimbi linalofuata. Sogezeni mzigo kidogo kuelekea tezi, mkaaji wa nyuma atumie kafi lake kama usukani, na wimbi kubwa likija acheni kuvuta hadi lipite.

Maswali ya wanachama

Mwanachama kutoka Mafinga: Mwalimu, shikamoo. Mimi sijui kuogelea kabisa. Je, jaketi okozi linatosha?

Jibu: Marahaba. Linatosha kukuweka juu ya maji, ila halitoshi kukuondolea hofu, na mwenye hofu humkumba mwenzake au huachia chombo. Kabla ya safari ingia majini ukiwa umelivaa, mahali pafupi, ulegee mpaka uone kwamba linakubeba. Halafu jizoeze kushika chombo kilichopinduliwa kwa makusudi. Kanuni ni moja: chombo kikipinduka, shikamana nacho, usijaribu kuufuata ufuko, kwani ukiwa na kichwa usawa wa maji ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo.

Mama kutoka Tukuyu: Ndaga fijo kwa somo. Mwanangu wa miaka tisa anataka kuja na baba yake. Unamruhusu?

Jibu: Mama, mtoto aende hadi Lyulilo na kurudi asubuhi hiyo hiyo, kwa jaketi la saizi yake lenye kamba inayopita kati ya miguu; la mtu mzima humvuka kichwani. Kusubiri miaka michache ndipo alale Ikombe hakutampunguzia kitu.

Mwanachama kutoka Iringa mjini: Kwa nini sisi wa Iringa tufunge safari hadi Kyela ilhali tunao Ruaha Mkuu?

Jibu: Swali zuri, kaka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukiacha kutiririka ndani ya Hifadhi ya Ruaha wakati wa kiangazi, kwa sababu maji mengi hutumika juu kwenye mashamba ya Usangu na kinachobaki hakivuki kinamasi cha Ihefu. Katika miezi inayofaa kwa mtumbwi, basi, mto huo unakuwa madimbwi, na viboko na mamba wote wamejibana humo. Ukijaa tena, ni mafuriko. Zaidi ya hayo, ndani ya hifadhi huwezi kujiamulia kulala popote. Kilombero una maji ya kutosha na watu wake ni mabingwa wa mitumbwi, lakini ni mto wa viboko, na kuna maeneo yanayohitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Ukienda huko na mwenyeji, fuateni maji mafupi ya kando mkigonga ubavu wa chombo ili kiboko awasikie mapema, na kamwe msipite kati yake na maji ya kina, kwa sababu huko ndiko anakokimbilia.

Mwanachama kutoka Makambako: Nimesikia kichocho kipo Ziwa Nyasa. Tufanye nini?

Jibu: Kipo. Konokono wanaokibeba hupenda maji mafupi yaliyotulia yenye majani, hasa karibu na makazi, kwa hiyo ogeni kwenye mchanga au mawe yaliyo wazi. Maji ya kuoga yaliyochotwa bila konokono na kukaa kwenye ndoo siku mbili ni salama zaidi. Wiki sita hadi nane baada ya safari nendeni mkapime, hata kama hamjisikii vibaya. Dawa yake, prazikwanteli, inafanya kazi vizuri, ila ukiimeza mara tu ulipotoka majini huwakuta wadudu wakiwa bado wachanga na haiwamalizi.

Kijana kutoka Mbeya mjini: Na upepo ukitukamata katikati ya ile sehemu ya mawe, turudi au tuendelee?

Jibu: Elekezeni omo kwenye wimbi kwanza, wote mpige magoti sakafuni ili uzito ushuke, na mmoja afue maji mfululizo. Halafu swali lenu litajibiwa na mwenyeji wenu, ambaye anajua ni ufuko upi ulio karibu kwa saa hiyo. Mkibaki bila hakika, rudini mlikotoka, maana ufuko ule mmeshauona kwa macho yenu.