Jaribio la glasi ndefu: mwulize mtoto mara moja tu

Nafundisha PP1, mwaka wa kwanza wa shule ya awali, hapa Kayole, Nairobi, lakini somo hili nilifunzwa na binti yangu wa miaka minne. Asubuhi moja alikataa uji. Wake ulikuwa kwenye kikombe kipana, wa kaka yake kwenye glasi ndefu. Nilikuwa nimewapimia kwa upawa uleule, pawa mbili kila mmoja, ila yeye alilia kwamba ameonewa.

Si uroho. Jean Piaget, msomi wa Uswisi, alieleza kwamba watoto wa takriban miaka 2 hadi 7 hutekwa na kile wanachokiona, hasa kimo. Bado hawajashika kwamba kitu kikibadilika umbo, kiasi hakibadiliki.

Ukitaka kumjaribu wako, tafuta glasi mbili zinazofanana na ya tatu iliyo ndefu na nyembamba. Tumia maji yaliyotiwa juisi kidogo. Uji hapana, unaganda pembeni mwa glasi, na mtoto akisema umepungua atakuwa na haki. Zungushia raba bendi kwenye zile mbili, usawa mmoja, ujaze hadi hapo naye akitazama. Usimwulize chochote bado. Mimina moja kwenye ile ndefu, polepole, mbele ya macho yake. Ndipo uulize: "Sasa ziko sawa, au kuna yenye nyingi?" Akishajibu, mwulize kwa nini, kisha unyamaze. Hiyo sababu yake ina uzito kuliko jibu lenyewe.

Mimi niliharibu hapo. Niliuliza kabla ya kumimina, nikauliza tena baadaye. Akaonyesha ndefu. "Una hakika?" Akahamisha kidole kwenye fupi. "Hebu angalia vizuri." Akaniangalia mimi badala ya glasi: "Mama, si uniambie tu unataka gani?"

Ndivyo tunavyowalea. Darasani kwangu, ukirudia swali, mtoto anajua amekosa na anabadilisha jibu hata kama lilikuwa sahihi. Mwaka 1974 watafiti Susan Rose na Marion Blank waliwapima watoto wa miaka sita: walioulizwa mara moja tu, baada ya vitu kupangwa upya, walikosea mara chache kuliko walioulizwa kabla na baada.

Akikosea, usimsahihishe. Mpe amimine mwenyewe, airudishe kwenye glasi ya kwanza mpaka ifike kwenye raba bendi. Wengine watashangaa, wengine watakwambia "imerudi kuwa kidogo." Mwache, umri wake haujafika.

Ugomvi wa uji niliumaliza kwa sheria ya zamani: mmoja agawe, mwingine achague. Kaka mtu, ana miaka saba, hugawa. Dada huchagua glasi ndefu kila siku, akitabasamu. Ilinichukua wiki nzima kugundua kwamba kijana humimina uji pungufu kwenye hiyo ndefu. Jumamosi nilikwenda soko la Gikomba nikanunua vikombe viwili vinavyofanana.