Rufaa ya saratani adimu za kizazi na tumbo: kutoka Mtwara na Lindi hadi Ocean Road, taasisi ya saratani Dar es Salaam

Saratani ya mlango wa kizazi wengi tunaijua. Mwongozo huu ni wa zile zisizosikika sana: ya mashavu ya uke, inayofuata mimba zabibu (mimba isiyo ya kawaida inayoota vifuko kama zabibu), au ile inayoanzia kwenye kidole tumbo ikajaza tumbo ute kama mlenda.

Anzia zahanati au kituo cha afya, uandikiwe kwenda hospitali ya wilaya kwa altrasaundi. Tumbo kukua huku mwili unakonda, damu kurudi baada ya hedhi kukoma: yaseme mwenyewe, usingoje kuulizwa. Kama ulisafishwa mimba zabibu na damu haikati, omba kipimo cha damu cha homoni ya mimba. Saratani inayotokana na mimba zabibu husikia dawa vizuri, hata ikishafika kwenye mapafu, kwa hiyo kuchelewa hapa kunauma zaidi.

Hatua inayofuata ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, ama ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Hapa kaa macho na kinyama, yaani kipande cha uvimbe kinachotolewa kwenda kupimwa. (Uvimbe wa ovari daktari anaweza kukataa kuuchoma sindano kabla ya upasuaji. Usimlaumu, kuutoboa kunaweza kumwaga seli tumboni.) Kikishatolewa, kiwekwe kwenye fomalini (dawa ya kukizuia kisioze), chupa iandikwe jina, namba ya faili, tarehe na sehemu kilikotoka, kisha kiende maabara ya patholojia, wanakochunguza vinyama. Shangazi yangu alitolewa uvimbe hospitali moja ambayo siitaji, tukakabidhiwa kikopo tukipeleke wenyewe. Ndani mlikuwa na maji ya chumvi tu. Siku ya nne tulipofungua kifuniko, harufu ilitosha kuwa jibu. Uvimbe umeshatoka, cha kupima hakuna.

Majibu yakitoka, omba vitu vitatu kwa pamoja: barua ya rufaa yenye muhuri, ripoti ya patholojia, na bloki za nta zenye kinyama chako pamoja na slaidi zake, vile vioo vya kusomea kwa hadubini. Hivi vya mwisho wengi hawaviombi. Dar wanaweza kutaka kuvisoma upya, maana kwa saratani adimu jina la ugonjwa lililotolewa mwanzo hubadilika mara nyingine, na dawa hubadilika nalo. Kama ulipiga picha ya CT, chukua na CD yake.

Mwenye bima abebe kadi na fomu ya rufaa, aulize mapema kama dawa zake zinahitaji kibali. Asiye na bima achukue barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, aipeleke ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya safari. Kufuatilia msamaha wa gharama ukiwa Dar, barua iko Newala, ni kazi nyingine kabisa.

Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560. Nenda na msindikizaji, na mjue mtakapofikia: mionzi huweza kuchukua wiki kadhaa, siku tano kwa wiki, na kwa upasuaji mkubwa mnaweza kuelekezwa Muhimbili. Toa nakala ya kila karatasi, uache seti moja nyumbani. Halisi pamoja na zile bloki zikae kwenye mkoba wa mapajani, sio kwenye buti la basi na magunia ya korosho.