Kuandaa fremu ya pikipiki kabla ya kupuliza rangi: chumvi kwanza, msasa baadaye

Juzi nilimsaidia dereva wa bodaboda wa hapa Tanga ambaye fremu yake ilitoka malengelenge muda mfupi tu baada ya kupigwa rangi mpya. Rangi yenyewe haikuwa na kasoro. Tulipolipasua lengelenge moja tukakuta maji na kutu.

1. Vua kila kitu. Piga picha waya zinavyopita kabla ya kuzifungua. Matundu yenye nati yazibe kwa bolti kuukuu.

2. Osha. Hapa usiwe na haraka kabisa. Pikipiki inayolala Raskazone, karibu na bahari, au inayoshinda barabara ya Pangani imebeba chumvi usiyoiona. Ukianza na msasa, unaisindilia chumvi pamoja na grisi ndani ya mikwaruzo, na kuitoa tena ni kazi. Chumvi ikibaki chini huvuta unyevu kupitia rangi, na hapo ndipo malengelenge yanapoanzia.

Legeza grisi kwa mafuta ya taa na brashi, kisha sugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Petroli siitaki: ni hatari, na mara nyingi huacha utando wa mafuta. Suuza kwa maji ya bomba. Maji yetu ya bomba yanatoka Mto Zigi, ni maji matamu. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvichumvi, na ukisuuzia hayo umeirudisha ileile uliyokuwa unaitoa.

Kipimo ni hiki: mwagia fremu maji safi. Yakitandaa na kuteremka kwa pamoja, chuma ni safi. Yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo; rudi kwenye sabuni. Angalia hasa inapokaa sproketi ya mbele na ilipochomelewa stendi ya pembeni, maana uchafu wa mnyororo hujificha huko. Kama pikipiki ilikuwa inapakwa polishi yenye silikoni, sabuni peke yake haitoshi: futa kwa tina (kiyeyusha rangi) na tambara safi, ukigeuza upande kila mara, la sivyo rangi mpya itatoboka vishimo vidogo vidogo. Halafu ipindue fremu, maji yaliyoingia kwenye mabomba yatoke, na uiache juani mpaka ikauke kabisa.

3. Msasa. Kutu nene itoe kwa brashi ya waya ya grenda, ukiwa umevaa miwani na barakoa. Diski ya kusagia iache, inakula chuma na mabomba ya fremu ni membamba. Msasa namba 80 penye kutu, kisha 180, umalizie na 240. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri si lazima uitoe yote. Ichubue ing'oke mng'ao na ulainishe kingo zake.

Namba ya chesesi pale shingoni izibe kwa tepu ya karatasi, na ukifika hapo tumia mkono tu. Trafiki akikuta imesagika hailingani na kadi, utaanza kueleza kama pikipiki ni yako.

4. Tafuta nyufa. Kagua viungo vyote vilivyochomelewa, hasa vya nyuma vinavyobeba keria na mizigo. Ufa ni kazi ya mchomeleaji, kamwe usiuzibe kwa puti.

5. Praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, siku hiyohiyo. Kwa hewa yetu, chuma kitupu kikilala usiku mmoja huamka na kutu ya manjano. Baada ya msasa futa vumbi, pitisha tina, na usikishike kwa mkono mtupu kwa sababu jasho nalo lina chumvi. Mimi napendelea praima ya epoksi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, kuliko ile nyekundu ya kopo moja ambayo unyevu huipenya upesi zaidi. Puliza umande ukishakauka, umalize kabla ya jioni.

Usipulizie ndani ya shingo zinapokaa bearing. Na pale unapofungwa waya wa hasi pakwangue mpaka chuma kionekane, usije ukahangaika na taa zisizowaka baada ya kuunganisha.