Kutafsiri Maneno ya Ukarimu kutoka Kiingereza hadi Kicheki: Mwongozo kwa Wafasiri wa Mombasa

Barua ya shukrani kwa wafadhili walioko Prague, tangazo la hafla ya kuchangia zahanati, maelezo ya hoteli ya ufuoni Nyali: kazi za namna hii humfikia mfasiri zikiwa kwa Kiingereza, na ukarimu umejaa ndani yake. Usikimbilie kamusi. Soma sentensi nzima, kisha ujiulize nani anatoa, nani anapokea, na kinachotolewa ni nini: mali, muda, au msamaha. Kicheki kina neno tofauti kwa kila jibu.

Anza na generous, kwa sababu ndilo linaloharibu kazi nyingi. Štědrý ni mwenye mkono wazi. Anatoa, na alichotoa kinaonekana. Velkorysý ni mwenye moyo mpana, asiyeshika kinyongo wala kudai hadi senti ya mwisho. Neno hilo pia husifu jambo lililopangwa kwa ukubwa, kama mradi au ofa. Mfadhili anaweza kuitwa kwa yote mawili, lakini mwenye nyumba aliyekusamehe kodi ya miezi miwili ni velkorysý. Kwenye maelezo ya hoteli, acha yote mawili: vyumba vikubwa ni prostorné pokoje, na sahani iliyojaa ni vydatná porce. Kamusi itakutajia pia generózní. Ni la kitabuni, liepuke.

Kuna mtego mmoja hapa. Štědrý den ni tarehe 24 Desemba, na Štědrý večer ni usiku wake, Wacheki wanapokula samaki aina ya kapi na saladi ya viazi. Ukiita hafla ya mchango ya mwezi Agosti štědrý večer, msomaji ataona Krismasi. Andika benefiční večer au dobročinný večer.

Charity nalo hutafsiriwa haraka mno kuwa charita. Mcheki akisoma Charita kwa herufi kubwa hufikiria shirika la Kanisa Katoliki. Kituo kisicho cha kanisa hilo kiite dobročinná organizace au nezisková organizace. Donation ni dar. Usiandike donace, neno la maandishi ya kihistoria. Tofautisha pia dar na dárek: kalamu na fulana anazoleta mgeni mkobani ni dárky, ila kisima au karo ya mwaka ni dar. Mchango wa watu wengi ni sbírka. Usiongeze veřejná (ya umma) mbele yake ovyo, kwani veřejná sbírka ni istilahi ya sheria ya Ucheki namba 117 ya mwaka 2001, na mwenye kuiendesha hutakiwa kwanza kuitangaza kwa mamlaka ya mkoa.

Kumfadhili mtoto masomo, Wacheki wengi husema adopce na dálku, yaani kuasili kwa mbali. Ni usemi uliozoeleka, na mfadhili atauelewa mara moja. Hata hivyo, katika hati inayosainiwa na mzazi au mlezi tunashauri podpora vzdělávání (msaada wa masomo), maana hakuna mtoto anayeasiliwa, na mlezi akitafsiriwa neno hilo atashtuka, tena kwa haki.

Sadaka inahitaji uangalifu zaidi. Kamusi hutoa almužna, lakini hicho ni kile anachotupiwa ombaomba, na Wacheki hulitumia pia kuudharau mshahara mdogo. Kumshukuru mtu kwa almužna ni kumtukana. Andika dar, au dobrovolný dar pale unapotaka ijulikane kuwa mtu hakulazimika. Zaka ni zakát, nayo unaifafanua kuwa povinná almužna. Hapo tu neno hilo limekubalika, kwa kuwa ni maelezo ya faradhi. Wakfu andika vakf, kisha ueleze: majetek trvale věnovaný k náboženským nebo dobročinným účelům, yaani mali iliyotolewa daima kwa ajili ya dini au hisani. Usiugeuze kuwa nadace, ambayo ni taasisi iliyosajiliwa kwa sheria yao.

Hospitality ikiwa tabia ya wenyeji ni pohostinnost. Pohostinství mara nyingi ni biashara ya kulisha na kuhudumia wageni. Bakshishi ya mhudumu ni spropitné.

Neno likishapatikana, sarufi ndiyo hukwaza. Nomino ya Kicheki hubadilisha mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi, na hapa shamirisho tulizojifunza shuleni zinasaidia sana. Kwa darovat, mpokeaji ni kitondo na kitu ni kipozi: Darovali jsme dětem knihy (tuliwapa watoto vitabu). Kwa obdarovat, mpokeaji huwa kipozi na kitu huwa ala: Obdarovali jsme děti knihami (tuliwatunuku watoto kwa vitabu). Ukichanganya miisho hiyo, unaweza kuishia kuandika kuwa vitabu ndivyo vilivyopewa watoto.

Vitenzi navyo huenda viwiliviwili. Přispějte na školné humwomba mtu achangie karo mara moja. Přispívejte humwomba achange kila mara. Muulize mwenye barua anataka lipi kabla hujaandika.

Hesabu: jeden dar, lakini dva, tři, čtyři dary, na kuanzia tano ni pět darů. Kitenzi hufuata: tři dárci přispěli, ila pět dárců přispělo. Elfu hutengwa kwa nafasi, si kwa koma: 50 000 keňských šilinků. Koma kwao ni ya desimali, kwa hiyo 50,000 inaweza kusomwa hamsini tupu.

Ukiwa na shaka, ingia Treq, zana ya mtandaoni ya bila malipo ya mradi wa Český národní korpus, yaani hazina kubwa ya matini za Kicheki. Andika neno la Kiingereza, nayo itaonyesha visawe vya Kicheki na mara ambazo kila kimoja kimetumika katika matini zilizotafsiriwa. Kwa miisho ya nomino tumia Internetová jazyková příručka, mwongozo wa lugha ya Kicheki ulioko mtandaoni.

Kabla ya bango kuchapishwa, mpe mchapishaji sentensi ambayo Wacheki hupimia fonti: Příliš žluťoučký kůň úpěl ďábelské ódy. Herufi yoyote ikigeuka kisanduku au ikidondosha alama yake, badilisha fonti, na upeleke faili ya PDF iliyobeba fonti ndani yake.