Kutenganisha Instagram ya Biashara na Ukurasa wa Facebook

Duka la viatu pale Kibuye, Kisumu, likiuzwa, au kijana aliyekuwa akiweka picha mtandaoni akiacha kazi, mwenye biashara hutaka kutenganisha Instagram na Facebook mara moja. Kasheshe ni kwamba zimefungwa kwa mafundo matatu: ukurasa wenyewe wa Facebook, Accounts Center (sehemu ya kuunganisha akaunti zako za Facebook na Instagram) na Meta Business Suite (zana ya Meta, kampuni yenye mitandao hii, ya kusimamia biashara). Ukifungua moja tu, utashangaa kesho picha ikitokea kote kote.

Anza na matangazo ya kulipia. Yanayoendelea Instagram yasimamishe kwanza, maana yanaweza kukwama katikati. Pia maliza oda zilizo kwenye kikasha cha pamoja, kile kinachopokea jumbe za Facebook na Instagram. Baadaye jumbe za Instagram utazisomea Instagram kwenyewe.

Sasa fungua Facebook, gusa picha ya profaili, uhamie kwenye ukurasa wa biashara. Wengi huruka hatua hii kisha wakalalamika kuwa menyu imepotea. Ingia mipangilio, akaunti zilizounganishwa, Instagram, halafu tenganisha. Kitufe kisipoonekana, mara nyingi ni kwa sababu huna udhibiti kamili wa ukurasa. Aliye nao ndiye akupe, na ni vyema umwombe kabla hamjakosana. WhatsApp ina kitufe chake papo hapo, nayo haitoki pamoja na Instagram.

Fundo la pili liko Instagram: mistari mitatu juu, Accounts Center, akaunti, ondoa. Kama huwa unaingia kwa kupitia Facebook, weka kwanza nenosiri la Instagram, usije ukajifungia nje. La tatu, Business Suite, ni rahisi zaidi kwa kompyuta: mipangilio ya biashara, akaunti za Instagram, ondoa. Ukitumia saiba, kumbuka kutoka kwenye akaunti.

Machapisho na wafuasi hubaki kila upande, kwa hiyo usiogope. Cha kuogopa ni mtu: kutenganisha akaunti hakumwondoi yeyote. Mfute kijana kwenye orodha ya wenye ruhusa ya ukurasa, badilisha nenosiri, toa simu zote zilizoingia, kisha angalia namba na barua pepe zilizosajiliwa Instagram. Msimbo wa uthibitisho ukiendelea kutumwa kwenye laini yake, akaunti ingali mikononi mwake. Kadi ya benki iliyowekwa kulipia matangazo nayo uitoe.