Sarkoidosisi: mambo ya kuandaa kabla hujamwona daktari

Kwanza ondoa hofu ya kuambukizana: sarkoidosisi haiambukizi, usimtengee mgonjwa kikombe. Ni kinga ya mwili inayojenga vinundu vidogo ndani ya viungo, hasa mapafuni na kwenye tezi za kifuani.

Beba eksirei zote, hata za miaka iliyopita. Beba na dawa unazotumia.

Kisha andika kila kinachokusumbua kwenye karatasi moja, hata usichodhani kinahusiana. Hapo usinibishie. Mama yangu mdogo alikohoa muda mrefu, akakonda, usiku jasho. Eksirei ikaonyesha kasoro mapafuni, na kwetu Tanzania wazo la kwanza ni kifua kikuu, kwa sababu ndicho kilichojaa. Makohozi hayakuonyesha vimelea, lakini akaanzishiwa dawa, akazimaliza miezi yote sita. Kikohozi kikabaki palepale. Jicho likawa jekundu, mwanga ukawa unamchoma. Kliniki ya macho wakampa matone. Pua ikaota mabaka magumu ya zambarau. Kwa daktari wa ngozi akapewa krimu. Kila mlango aliulizwa kilichompeleka, akajibu hicho tu. Mpaka daktari mmoja alipomkalisha akamwambia aanze mwanzo kabisa. Kifua, jicho na pua vikaunganishwa siku hiyohiyo, wakakata kinyama kwenye tezi kwenda kupimwa, jibu likapatikana. Kifua kimetulia kwa dawa. Jicho lile halioni vizuri hadi leo, maana uvimbe wa ndani ya jicho hausubiri.

Kwa hiyo andika ulivyoanza kuumwa. Kuna aina inayokuja ghafla: homa, vifundo vya miguu kuvimba, uvimbe mwekundu unaouma chini ya magoti. Inatisha, ila mara nyingi huisha yenyewe. Ile inayonyemelea taratibu ndiyo huweza kuacha makovu mapafuni. Wengine huvimba mashavu karibu na masikio, uso ukapooza upande mmoja. Andika pia uchovu. Usione aibu kuutaja.

Moyo ukirukaruka, au wewe ukizimia, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda leo, wapime umeme wa moyo.

Usinunue vidonge vya vitamini D wala kalsiamu kabla damu haijapimwa. Ugonjwa huu unaweza kupandisha kalsiamu wenyewe, na figo zikaota mawe.

Ukiandikiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe inayotumika sana kwa ugonjwa huu, uliza kwanza kama kifua kikuu kimeshapimwa vya kutosha, kwani dawa hiyo hushusha kinga. Uliza na kuhusu sukari, presha na mifupa, maana dawa hiyo huweza kuvigusa. Ukishaizoea usiikatishe ghafla kwa kuwa unajisikia nafuu. Hupunguzwa kidogokidogo, kwa maelekezo ya daktari.

Macho yapimwe hata kama hayaumi. Sigara acha. Tarehe za kurudi zitunze, usimwachie mtu mwingine akukumbushie, na ukienda hospitali nyingine nenda na karatasi yako ileile.